Nakala Namba Saba

Saa mbili kasorobo, Upanga, mvua imekatika.
Naingia kwa mlango wa nyuma wa ofisi ya kamati
na mkoba wenye kufuli mbili. Ufunguo mmoja ninao,
wa pili anao Bwana Nsajigwa, na leo kachelewa.

Basi nasubiri. Nusu ya kazi yangu ni kusubiri.
Nusu nyingine kuhesabu:
kurasa kumi na moja zikiingia, kumi na moja zitoke.

Mheshimiwa Nyambilila husoma kwa kidole,
polepole, kama anayesoma barua ya mkwe.
Anaruka mpaka, anaruka fedha na majina.
"Barabara ya jimboni kwangu haimo?"
Haimo, Mheshimiwa.

Yule kijana wa Temeke huuliza yote,
nami nina jibu moja nililofundishwa:
"Nitalifikisha."
Nimefikisha mengi. Sijatumwa kurudisha hata moja.

Ikaja chai na vitumbua; mafuta yakang'aa vidoleni.
Ndipo mzee akanong'ona, macho dirishani:
"Binti, na mimi ninalo faili?"
Nikamsogezea daftari.
"Sahihi hapa, Mheshimiwa."
Kalamu ikasita. Kisha ikaandika.

Nakala namba saba imerudi na duara la kikombe
juu ya neno SIRI.
Nimejaza fomu: kurasa zimetimia,
doa moja, chai.

Jioni, Tabata, mume wangu anauliza, za kazini?
Nahesabu sahani kwanza,
ndipo namjibu.