Dhamana

Mkataba unasema: irejeshwe kama ilivyopokelewa.
Miaka kumi na mmoja, Mabela,
ghorofa ya pili, nyuma ya duka la mikate,
na mimi nimepiga magoti na mswaki wa zamani
nasugua kona ya kigae kama nasugua gego la mtu.

Nimeanza na jiko, maana jiko ndilo shahidi mkuu.
Manjano imeingia ndani ya jiwe la kaunta.
Haikubali siki, haikubali ndimu,
haikubali hata klorini aliyoniapia Raya:
"Tia, toka, funga mlango, usivute pumzi."
Nilitia. Nikatoka. Nikarudi nakohoa.
Manjano ipo, inanitazama,
kama mgeni aliyeambiwa chai imekwisha na bado hajainuka.

Kisha kiyoyozi. Nimefungua chujio
likatoka blanketi zima la vumbi, kijivu, laini,
jangwa lililopenya madirisha yote yaliyofungwa,
na ndani yake nywele zetu, nyuzi za shela zetu.
Kumbe hiki ndicho tulichokuwa tukikivuta kifuani
tukisema, ah, baridi tamu.

Matundu ya misumari nimeyaziba kwa dawa ya meno.
Sebule inanukia mnanaa.
Darini kuna doa la moshi, mviringo,
juu ya pale kilipokaa chetezo kila usiku wa Ijumaa.
Nimeazima ngazi ya Mama Shamsa, nikapaka nyeupe;
nyeupe yangu na nyeupe ya dari hazikujuana.
Sasa madoa ni mawili.

Jahangir wa pikapu anapiga honi.
Friji imeshuka. Godoro limeshuka.
Kiti cha magurudumu kimeshuka mwisho, kitupu,
na Jahangir, kwa Kiarabu chake cha vipande:
"Mama wapi?"
Akauona uso wangu. Akafunga kamba.

Umebaki ushoroba.
Toka mlango wa chumba chake mpaka mlango wa choo
hatua zangu tisa; zake sikuwahi kuzihesabu.
Hakupenda kuamsha mtu. Taa hakuwasha,
"umeme wa watu huo."
Alipapasa ukuta kwa kiganja
kilichokwisha pakwa mafuta ya nazi,
usiku baada ya usiku, kabla ya kiti kile,
mpaka rangi ikashika njia yake:
mstari wa asali, usawa wa nyonga yangu,
unapanda kidogo, unashuka kidogo,
penye swichi unakatika, halafu unaendelea.

Nimechovya sponji. Maji moto, sabuni ya vyombo.
Nikasugua upana wa vidole vitatu.
Ukatoka.
Huo ndio ubaya wake, ulitoka upesi,
bila siki, bila klorini, bila kubembelezwa,
vidole vitatu vya ukuta mweupe, ghafla,
na mimi nimesimama, sponji inanidondokea soksini.

Nikaenda kumwaga ndoo.

Dalali, Shabib, amekuja saa kumi
na kalamu sikioni, na viatu vyenye mchanga
juu ya vigae vyangu.
Amefungua bomba, amefunga. Amenusa tanuri.
Kaunta, riali nane. Dari, riali kumi,
hapo alicheka kidogo, na mimi nikacheka.
Ushorobani akasimama.
"Hii nini?"
"Mafuta."
Akainua simu, akapiga picha kwa karibu,
akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango,
akapiga nyingine, ndefu, mstari wote,
na lile pengo langu la vidole vitatu ndani yake.
Akaandika: ukuta, mafuta, ishirini na tano.
Akangoja nibishe. Watu hubisha.

Nikamwambia, kata.
Kata tu, Shabib. Lakini hizo picha mbili
nitumie.