Namba Kumi na Saba

Julai Mufindi. Umande umeganda juu ya chai,
na ukiona mwanamume anatembea kama aliyebana yai mapajani
usimuulize kitu. Msalimu. Pita.

Nilimsindikiza Gwerino, miaka kumi na mitano,
hadi kwenye hema la zahanati, Igowole.
Mabenchi ya shule, jiko la mkaa, redio inakoroma.
Vijana ndani ya makoti ya mitumba
wanacheka sana, kicheko cha waoga.

Kwetu hatukuwa na jando.
Hakuna ngariba aliyenoa kisu kwa ajili ya babu zangu,
hakuna kambi porini, hakuna ngoma.
Ulikuwa mtu mzima siku baba yako
alipokumiminia ulanzi bila kukupimia.

Baba alikata mkonge Korogwe miaka sita.
Alioga usiku, peke yake,
pipa likiwa limebaki matope,
kwa sababu ya neno moja alilorushiwa bafuni.
Alinitajia mara moja tu,
akiwa mgonjwa, uso kaugeuzia ukutani.

Nesi Otilia akasimama na daftari:
ganzi, nusu saa, nyuzi zitayeyuka zenyewe,
siku ya pili urudi, ya saba urudi,
wiki sita usimguse mkeo.
"Inapunguza hatari ya virusi. Nimesema inapunguza.
Aliyesikia 'inamaliza' akaoshe masikio."
Mzee mmoja akauliza kama baridi ndiyo inayoponya.
"Baridi ni baridi tu, baba.
Ila mwezi huu shamba halikuiti."

Ndipo Gwerino, kwa sauti ya chini:
"Baba, wewe namba ngapi?"

Nikatazama viatu vyangu.
Miaka arobaini na mitatu. Watoto wanne.
Msumeno wa kiwandani ulichukua vidole viwili
na sikulia.
Nikaiona ndoo ya baba, gizani, Korogwe.
Si kwa ajili ya lile neno, nikajiambia.
Lile neno lizikwe na aliyelitamka.

Nikaandikwa kumi na saba.

Jioni tulirudi kwa njia ya juu, isiyo na watu,
nimejifunga kanga ya mama yake.
Gwerino akabaki nyuma hatua mbili,
akasoma maandishi kwa sauti, herufi kwa herufi:
KAWIA UFIKE.
Akacheka, akaacha ghafla, "aiii," akacheka tena,
nami nikashikwa,
tukasimama tumeegemea mlingoti mmoja, miguu tumeitanua,
tukisihiana tusichekeshane.