Nyuzi Tano

Saa nane usiku. Akron imelala chini ya theluji.
Kwenye skrini, ukanda wangu umejikunja nyuzi thelathini na moja;
mezani, ule wa kweli,
kwa volti zile zile, joto lile lile,
umegoma kwenye ishirini na sita.

Delbert, aliyepika matairi hapa kabla viwanda havijafungwa,
anaugusa kwa kidole: "Huu bado una baridi."

Samaki mkunje angali mbichi, nililelewa hivyo.
Huyu mkavu hukunjika kila niwashapo swichi,
kisha hurudi, ila si pale pale.

Nafuta mlinganyo. Naongeza herufi moja
kwa ajili ya jana yake:
mara ngapi amechomwa, mara ngapi ameachwa apoe.
Zile tano zashuka, yabaki moja na nusu.

Hiyo
namwachia.