Dakika Tano

Baba alicheza winga ya kushoto miaka kumi na mmoja,
mechi mia sita na nne, magoli thelathini na moja.
Lile la mwisho lilimgonga kalioni likaingia.
Mama hulihesabu. Mwenyewe hulikana.

Kufunga hakukuwa kazi yake.
Kocha alimgusa bega mara moja, bila neno,
naye akaruka ukuta wa mbao, akavua glavu
kama mtu avuavyo viatu mlangoni pa shemeji,
akamwendea aliyemuumiza mfungaji wetu.
Ngumi, jezi kuvutwa hadi kichwani, filimbi.
Halafu kizimbani: dakika tano
kwenye benchi baridi nyuma ya kioo,
akitemea damu taulo
na kuwatazama wenzake wakicheza pungufu.

Fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi.
Pale nyasi hazikuwepo.
Barafu ilipata madoa, trekta likapita,
ikawa nyeupe tena, watu wakanunua soda.

Nimezijumlisha dakika zote za kizimbani:
saa thelathini na moja na ushee.
Ni mwendo wa gari kutoka Regina hadi Montreal
ukisimama kwa mafuta tu.

Mwanzo wake ni bomba la maji.
Babu Metro Halyk alilifungulia usiku nyuma ya zizi,
Januari, baridi ya kupasua misumari,
na alfajiri ng'ombe walimtazama Orest wangu
(namwita wangu, ingawa sikuwa nimezaliwa)
akianguka, akiinuka, akianguka
ndani ya viatu vya makali vya binamu,
vidole vimezungushiwa magazeti.

Simu ya kuuzwa ililia saa sita mchana,
mama akikaanga mayai.
Jioni baba alikuwa na jezi nyingine.
Nimesoma shule tano,
na katika kila moja niliulizwa
meno yake ya kweli ni mangapi.
Nilijibu: inategemea mwezi.

Goti lilimwisha Jumanne moja, mazoezini.
Hakuna aliyemgusa.
Makali yalinasa ufani,
mwili ukaenda kwake, goti likaenda kwake.

Sasa ananoa viatu vya watoto wa Yorkton
kwenye chumba cha nyuma cha duka la rangi.
Vidole havifungi tena kifungo cha shati,
lakini hupitisha ukucha juu ya chuma na kusema:
"Bado," au "Mpe mwenyewe."

Na kila tarehe tisa Februari, simu ya Fernand Lachapelle.
Walipigana mara kumi na tisa.
Pua ya baba inaangalia mashariki kwa ajili yake,
yeye hasikii kwa sikio la kushoto kwa ajili ya baba.
Mara ya kwanza alipopiga, kiangazi cha lile goti,
mama alidhani ni matusi.
Kumbe aliuliza tu: "Unalala?"
Tangu hapo ni nyanya, tezi dume, bei ya matairi.
Ile tarehe ni ya nini, hakuna anayeitaja.

Mwaka huu simu haikulia.
Ya kumi, ya kumi na moja.
Ya kumi na mbili akapiga Solange, bintiye,
kutoka nyumba ya wazee, Rimouski.
"Anavunja vikombe," alisema.
"Anamtafuta mtu, hatujui nani.
Nitamwekea simu sikioni. Asichoshwe, tafadhali."

Baba alisimama, mguu mbovu ukitetemeka.
Upande wa pili pumzi tu, nzito,
pumzi aliyoijua kwa karibu
kuliko watu wengi walivyowajua wake zao.
"Fernand. Ni Halyk."
Kimya.
"Halyk. Wa kushoto."
Kisha sauti, kama ya mtoto aliyeamshwa:
"Tulipigana?"
"Tulipigana."
"Nani alishinda?"

Baba aliitazama ngumi yake ya kulia,
ile yenye vyuma vitatu ndani.
"Wewe," alisema. "Kila mara."
Nikamsikia mzee wa Rimouski akicheka,
akicheka hadi akakohoa,
na baba akaanza kumhadithia, pambano la kwanza,
la pili, la tatu,
akipoteza yote,
hata yale mawili niliyoyaona kwa macho yangu.
Saa ya ukutani ilikwisha kupita dakika tano.
Hakuna aliyepiga filimbi.