Safu ya Pembeni

Likelemba yetu ina wanawake kumi na mmoja
na hesabu yake yote ililala ndani ya telefone yangu,
katika programu ya daftari, rangi ya machungwa,
niliyowekewa na mtoto wa dada yangu kule Nguba
baada ya mvua kuingia sandukuni
na kugeuza franga za mwaka mzima kuwa uji wa wino.

Miaka miwili niliandika. Jina, tarehe, kiasi.
Na pembeni safu nyembamba, "maelezo",
ambayo hakuna aliyeniomba niijaze.

Juzi kioo kikaanza kutetemeka kama maziwa motoni.
Nafasi imejaa, kikasema.
Mwanangu akasema: futa hiyo programu,
kisha uirudishe, kila mtu hufanya hivyo.
Kidole kilikuwa tayari hewani
nilipokumbuka kupanda kwanza kwa Mugisho,
ngazi themanini na kitu juu ya soko la Kadutu.

"Usifute, mama. Ukifuta njo mwisho.
Hii ni nyumba. Daftari iko mule ndani.
Ukibomoa nyumba, haibomoke peke yake."

Sisi wa Bukavu hatuelezwi mara mbili
habari ya nyumba inayoteremka mlimani usiku
pamoja na kila kilichokuwa chini ya kitanda.

Basi ingia uichukue, nikamwambia.
Akacheka, bisibisi mdomoni.
"Hata miye siwezi kuingia. Hata hii ya picha,
jirani kabisa, haiwezi kuchungulia.
Kila moja na ukuta yake."
Akafungua mafaili: picha za ubatizo,
kwaya, risiti ya mabati.
Daftari hapana. Kana kwamba sikuwahi kuandika.

Na huko chini maneno yalishaanza kutembea.
M'Bisimwa anasema telefone imekula pesa.
Telefone haina tumbo, akajibiwa.

Tukautafuta mlango.
Ulikuwa nukta tatu pembezoni mwa kioo,
ndogo kama mbegu za lengalenga;
miaka miwili nilikuwa nikizifuta kwa kitambaa
nikidhani ni uchafu.
Nyuma yake maneno mawili: Hifadhi. Shiriki.

Kuhifadhi kuliuliza wapi.
Tukachagua kikadi cha Mugisho, kidogo kuliko ukucha,
na nakala ya likelemba ikalala humo,
salama, ya kwangu peke yangu.

Kushiriki hakuulizi wapi. Kunauliza nani.

Sura zao zikajipanga, kumi, kila moja katika duara lake,
na hapo ndipo nilipokumbuka ile safu.
Kwa kuwa nilidhani ukuta ni ukuta, nilikuwa nimeandika:
*Nsimire hana. Mtoto yuko hospitali Panzi. Nimemlipia. Asijue.*
Nilikuwa nimeandika:
*M'Bisimwa, noti moja ya bandia. Nimeweka yangu. Nimenyamaza.*
Na kuhusu Cibalonza, neno ambalo sitalirudia hapa.

Mugisho, haiwezi kutoka bila hii ya pembeni?
"Inatoka yote, ao haitoke."

Ningeweza kukaa usiku nikinakili kwa mkono.
Lakini betri ilibaki asilimia tisa,
umeme wa mtaa ulishaenda zake,
na lile neno "tumbo" lilikuwa limekwisha fika Essence.

Nikabonyeza.

Kutoka juu pale nilizisikia zikilia sokoni,
moja penye sombe, mbili penye samaki wadogo,
halafu kimya kirefu, kile cha watu wanaosoma.

Jumapili hakuna aliyesema kitu.
M'Bisimwa alinibebea kiti, yeye asiyembebea mtu kiti.
Cibalonza hakuja.
Nsimire alihesabu zake, akaziweka mezani,
kisha akafungua pindo la kitenge
na kuweka nyingine, zilizokunjwa ndogo ndogo,
zinanuka sabuni.

"Andika," akasema.
Nikaandika jina, tarehe, kiasi.

"Na pembeni."

Pembeni niandike nini?

"Andika: amejua."