Tafsiri ya Edikti

Walinipa kurasa sita za Kifaransa, Jumanne,
na siku mbili.
"Kiwe Kiswahili cha redioni," alisema katibu wa Bunge la jimbo,
"hata mama muuza makala kule Katuba aelewe."
Sikumwambia kwamba mama muuza makala kule Katuba
ndiye aliyenizaa.

Kifungu cha kwanza hakikunisumbua:
*Ni marufuku*. Neno hilo tunalo, limekomaa,
lilitutangulia Lubumbashi.
Cha pili: faini, na jela, miaka mitano hadi kumi.
Jela nayo tunayo. Kasapa hujaa bila mkalimani.

Cha nne ndicho kilichonikalisha hadi umeme ukakatika:
orodha ya majina marefu kama treni ya shaba,
behewa nyuma ya behewa, na hakuna hata moja lenye dirisha.
Niliandika *dawa*. Nikafuta.
Dawa ni ile aliyochemsha bibi, chungu, ukanywa ukilia ukapona.
Niliandika *sumu*. Nikafuta.
Sumu mtu hainunui kila asubuhi kwa franka mia tano
na kusema asante.
Nikaandika *kilevi cha kutengenezwa*,
kibatari kikanicheka: kipi hakikutengenezwa?
Hata lutuku ya shangazi ina mpishi wake.

Nyuma ya jiko mdogo wangu Musonda
alikuwa akiongea na viatu vyake.
Wao huiita *bati*,
kwa kuwa huisaga kutoka matumbo ya mabomba ya moshi
katika karakana za Kamalondo,
wakaichanganya na vidonge ambavyo hata mwenye kuviuza
havijui jina.
"Musonda," nikamuuliza, "hii kitu kwa Kiswahili ni nini?"
Akafikiri. Tangu mvua zianze
sikuwa nimemwona akifikiri.
"Ni mtu anakuzimia redio ndani ya kichwa," akasema.

Hilo sikuliandika.

Ijumaa maneno yangu, kwa mdomo wa mtangazaji,
yalitoka katika kila kibanda cha barabara yetu.
Mama aliacha kupima, kopo la makala hewani.
Alisikiliza mpaka sahihi ya gavana,
akapangusa mikono kwenye kitenge.
"Umeandika vizuri. Pa kumfunga wamepasema.
Pa kumpeleka, ni ukurasa gani?"
Kurasa sita nilizijua hadi koma zake.
Nilizipekua zote nikiwa nimesimama pale,
kisha nikachukua kopo, nikamsaidia kupima.

Wiki ya tatu polisi walipakia vijana kumi na wawili,
mmoja akiwa na kiatu kimoja.
Bati likapanda bei, likaadimika, likafa.
Wiki ya nne, nyuma ya soko la Kenya,
mtoto wa kimo cha meza alinyoosha noti iliyokunjwa:
"Nipe edikti mbili."

Ndilo jina lake jipya. Ni nyeupe zaidi, wanasema,
na haimo kwenye orodha.
Mimi nililitafuta neno siku mbili na usiku mmoja wa kibatari;
wao wameliokota redioni, bure.

Usiku huu nimeketi na Musonda nyuma ya jiko.
Bukari, samaki wa Kasenga, lengalenga kidogo.
Amekula matonge matatu. Nimeyahesabu.
La nne nimelishika mkononi,
linapoa,
nangoja ageuze uso.