Kettunen Hewani

Kabla ya mechi hunywa maji vuguvugu yenye chumvi,
kisha hutaja majina ya timu ngeni, moja moja, kwa sauti,
kama mtu anayejaribu funguo kwenye mlango wa jirani.
Jina la mtoto wa mtu halikosewi, husema.
Ukikosea bao watakucheka. Ukikosea jina,
kuna bibi jikoni Kapuskasing atazima redio.

Miaka thelathini na miwili, kibanda kile kile cha mbao
juu ya uwanja wa barafu wa Timmins,
dirisha limeegemezwa kwa gongo lililovunjika,
hita ndogo miguuni inanuka soksi.
Mimi huandika takwimu: mashuti, adhabu, dakika.
Siku ya kwanza alinipa penseli na kanuni moja:
usitangaze usichokiona.

Kipyenga.
Anakichukua Brisebois, anampa Okimaw, Okimaw anageuka,
amebanwa, amechomoka, anarudisha, Brisebois tena,
kulia, kulia kabisa, anapiga, kipa! kipa! kipa kakila kisahani!
Sauti yake hukimbia mbele ya macho yangu.
Nikiinama kuandika, naendelea kuona.

Nje ni nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Dereva wa greda anamsikiliza, theluji ikimwagika pembeni.
Mzee Lafrenière anamsikiliza, asiyeona tangu baruti ya mgodini;
kwake jezi zetu ni njano ya kiini cha yai
kwa sababu Kettunen aliwahi kusema hivyo, mwaka ule wa mafuriko.
(Ni njano ya kawaida tu. Zimefuliwa mno.)

Jumamosi ya pili ya Februari, kipindi cha tatu,
zimebaki dakika nne,
Okimaw aliuvaa ukuta kichwa mbele.
Mlio ule haukuwa na safu kwenye karatasi yangu.
Watu elfu mbili, na ukasikia jokofu la soda likinguruma.

Mtangazaji huogopa kimya
kama mwokaji anavyoogopa tanuri kuzima.
Nilimwona Kettunen akikitazama kimya kile, akakiacha kipite
sekunde tatu, nne.
Alijua nisilolijua: mama wa kijana yuko Moosonee,
mwisho wa reli, barabara haifiki,
na redio yake iko juu ya friji.

Hakusema "amelala." Hakusema "Mungu wangu."
Alisema: Daktari ameingia. Amepiga magoti.
Alisema: Wenzake wamemzunguka, migongo nje.
Alisema: Nahodha wa wapinzani ameliokota gongo lake,
amelishika kwa mikono miwili, kama la kaka yake.
Vitu vidogo, vya kweli, akivipanga polepole
mtu apate pa kukanyaga.
Dakika tano. Kalamu yangu ilikuwa imekauka mkononi.

Halafu, kwa sauti ya mtu anayezungumza na jirani uani:
Kule mwisho wa reli, mnisikilize. Amesogeza mkono.
Wa kushoto.

Mimi nilikuwa nautazama mkono ule.
Sikuwa natazama kingine chochote duniani.
Haukusogea.

Ulisogea wakati wa machela, dakika nzima baadaye,
vidole viwili, halafu kiganja, na uwanja ukapasuka kwa makofi,
na Kettunen akafunika maikrofoni, akakohoa mpaka akalia machozi,
akasema ni chumvi.

Saa tano usiku, uwanja wa magari.
Alikuwa anakwangua barafu kwenye kioo kwa kadi ya maktaba.
Nikamuuliza. Si kwa ubaya. Nikasema tu: ule mkono.

Akakwangua upande wake, akazunguka, akakwangua upande wangu.
Pumzi yake ilikuwa nyeupe na ndefu.
"Shuti la mwisho," akasema, "uliandika la nani?"
Nikamwambia: namba kumi na tisa, Brisebois, limepaa.
"Basi," akasema. "Ingia, utaganda."